Herufi Kumi na Mbili kwenye Simu

Mstari wa buluu wa kuonyesha usasishaji wa seva yetu ulifika asilimia 100 saa tano na robo usiku. Konsoli, yaani ukurasa wa kivinjari ninaoisimamia nao kwa mbali, ikaandika kwamba kidhibiti kinajiwasha upya, nisubiri dakika chache. Nikasubiri tano. Nikasubiri kumi. Ya ishirini ilinikuta nimesimama katikati ya sebule yangu hapa Malindi, simu mkononi, nikiukodolea macho ukurasa mweupe usiofunguka.

Seva yenyewe, kompyuta inayotunza mafaili yetu, iko Lamu, mtaa wa Langoni, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya mawe. Kutoka kwangu hadi pale ni zaidi ya kilomita 200 za barabara, kupitia Garsen na Witu mpaka gati la Mokowe, halafu boti ya kuvuka. Mto Tana ukifurika, njia hiyo hukatika. Hata wakati wa kiangazi, saa zile huwezi kupata wa kukupeleka. Kwa hiyo swali lililonisimamisha sebuleni halikuwa la ufundi. Nilikuwa najiuliza kama ni adabu kumpigia mzee simu wakati kama ule.

Mzee huyo nitamwita Ami, kama ninavyomwita siku zote. Ndiye mshika ufunguo wa chumba kile.

Niseme kwanza seva hiyo imebeba nini, maana bila hilo wasiwasi wangu hautaeleweka. Kwa miaka kadhaa kikundi chetu kidogo kimekuwa kikipiga picha karatasi za zamani ambazo familia za Lamu, Pate na Siyu zimezitunza makashani: hati za nyumba na mashamba, barua za biashara, tenzi zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, juzuu za msahafu zenye kingo zilizoliwa na wadudu. Mwenye karatasi hubaki na karatasi yake, sisi hubaki na picha. Baadhi ya karatasi hizo leo hazisomeki tena. Unyevu umezimaliza, na kilichosalia ni picha iliyo kwenye diski za mashine ile. Tuna nakala ya pili Malindi, lakini huwa nyuma kwa wiki kadhaa, kwa kuwa mafaili ni makubwa na intaneti yetu ni nyembamba. Seva hiyo siichezei.

Sasa, hicho kidhibiti. Ndani ya seva mna kompyuta ya pili. Ni chipu moja iliyobanwa kwenye bodi kuu, yenye prosesa yake, kumbukumbu yake, mfumo wake wa uendeshaji, na mara nyingi tundu lake la kebo ya mtandao. Jina lake la jumla ni BMC. Kampuni ya HPE huiita iLO, ya Dell huiita iDRAC. Hula umeme mdogo ambao pawasaplai huutoa hata seva ikiwa imezimwa, hivyo ukizima mashine kabisa, chenyewe kiko macho, mradi waya uko ukutani na stima ipo. Hupima joto, huhesabu mizunguko ya feni, huandika kila hitilafu kwenye daftari lake. Kupitia kivinjari, mimi nikiwa Malindi, naweza kubonyeza kitufe cha kuwasha kilicho Lamu, nikaona skrini ile ile ambayo ningeiona nimesimama mbele yake, nikaingia kwenye BIOS, ile programu ya kwanza kuamka mashine ikiwashwa, hata nikaipa seva diski ya kusakinishia mfumo ambayo kwa kweli ni faili tu lililo kwenye laptopu yangu. Lugha ya pamoja ya vidhibiti hivi, IPMI, ilitoka mwaka 1998 kwa ushirikiano wa Intel, Dell, Hewlett-Packard na NEC. Redfish, ambayo taratibu inachukua nafasi yake, ilitoka 2015.

Sisi wa upande huu wa pwani jambo la kuhudumia chombo usichoweza kukigusa tumelishuhudia mapema. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililo baharini karibu na Ngomeni, ilirushwa setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahususi kuchunguza eksirei zitokazo angani. Wakaipa jina Uhuru, kwa kuwa ilikuwa sikukuu yetu ya uhuru. Tangu ilipoachana na jukwaa, hakuna mkono uliowahi kuigusa tena. Kila ilichofanyiwa kilifanywa kwa amri iliyotumwa na jibu lililosubiriwa. Mimi hilo la kusubiri jibu ndilo hunishika moyo kila nikipita njia ya Ngomeni.

Kidhibiti kinaendeshwa na programu dhibiti, iliyoandikwa ndani ya chipu ya flashi iliyo kando yake. BIOS ina yake, diski zina zake, kadi ya mtandao ina yake. Zote ziliandikwa na watu, kwa hiyo zina makosa, na watengenezaji hutoa matoleo ya kuyarekebisha. Seva yetu ilisimikwa mwaka 2019. Ikafanya kazi vizuri, nami kwa miaka mitano sikugusa hata moja kati ya hizo. Nilikuwa nikiushika ule msemo wa mafundi kwamba kinachokwenda kiache kiende. Sasa naupinga waziwazi, na kilichonigeuza ni habari ya diski.

Novemba 2019 HPE iliwatangazia wateja wake kwamba baadhi ya diski zake za SSD za aina ya SAS, zinazotumika kwenye seva, zina kosa kwenye programu dhibiti: zikitimiza saa 32,768 za kuwaka, zinakufa. Hiyo ni miaka 3, siku 270 na saa 8. Zikifa, diski hairudi na data hairudi. Nambari yenyewe inajieleza: ni 2 kwa kipeo cha 15, pale hasa ambapo kihesabio cha biti 16 chenye hasi na chanya huishiwa nafasi. Miezi minne baadaye, Machi 2020, likatangazwa kosa jingine la namna hiyo, safari hii kwenye saa 40,000.

Fikiria maana yake kwa mtu aliyepanga diski zake kwa hadhari, mbili mbili, ili moja ikifa nyingine ishike kazi. Diski hizo aliziingiza siku moja, akaziwasha saa moja. Zitakufa saa moja. Hadhari yake yote ilijengwa juu ya dhana kwamba vifaa havifi pamoja, na hapa kuna kosa linaloviua pamoja, kwa saa inayojulikana, huku dawa yake iko tayari kupakuliwa bila malipo. Aliyeuacha mfumo wake uende kwa sababu unakwenda, ungekwenda mpaka saa ile, kisha basi.

Diski zetu ni za kampuni nyingine na hazikuwa na tatizo hilo. Lakini niliposoma habari hiyo, kwa kuchelewa, niliingia kwenye konsoli ya Lamu nikafungua ukurasa wa matoleo. Kila tarehe iliyoandikwa pale ilikuwa ya kabla mashine haijavuka Mokowe.

Upande wa usalama ni mzito zaidi. Kidhibiti kinaweza kuzima seva, kusoma skrini yake na kubadilisha mfumo wake, na mfumo mkuu usijue. Ni mlango wa nyuma wa nyumba, ndio wenye ufunguo wa vyumba vyote, na ndio ambao hakuna anayeukagua. Mwaka 2017 lilizibwa tundu katika iLO 4 ambalo lilimruhusu mtu aingie bila nywila kwa kutuma herufi A 29 mfululizo mahali fulani kwenye ombi lake. Herufi A 29, hakuna zaidi. Waliosasisha walikuwa salama, na wasiosasisha waliendelea kuuacha mlango wazi. IPMI 2.0 nayo ina udhaifu ulio ndani ya muundo wake: anayejua jina la mtumiaji anaweza kuuliza, na kidhibiti, kabla ya kumthibitisha, kitamkabidhi alama iliyotokana na nywila, akaivunje kwa wakati wake nyumbani. Udhaifu huo hakuna toleo litakalouponya. Dawa ni kuifunga IPMI ya mtandaoni kama huitumii, na kutoweka kidhibiti kwenye intaneti ya wazi hata kwa siku moja. Chetu kinafikiwa kwa VPN pekee, yaani njia ya faragha iliyofichwa ndani ya intaneti.

Kuna kisa kimoja ambacho bado hunikosesha raha. Mwishoni mwa 2021 watafiti wa kampuni ya Amnpardaz ya Iran walieleza kuhusu programu hasidi waliyoikuta imejificha ndani ya iLO. Ukijaribu kusasisha, ilizuia kimyakimya, kisha ikaonyesha kwamba usasishaji umefaulu. Mhudumu anaona nambari mpya ya toleo, anafunga kivinjari, analala. Tangu nisome hilo siamini tena neno la konsoli peke yake. Nikimaliza hukagua kama mambo yaliyotajwa kwenye maelezo ya toleo jipya yanaonekana kweli: menyu iliyohamishwa, chaguo lililoongezwa, cheti kilichobadilika.

Basi usiku ule nilikuwa nimejiandaa, au ndivyo nilivyodhani. Nilipakua mafaili mchana kutoka kwa mtengenezaji mwenyewe, nikalinganisha alama za SHA-256, zinazothibitisha kwamba faili halijabadilika, herufi kwa herufi. Nilisoma maelezo ya matoleo mpaka mwisho, na ndipo nikagundua kwamba kutoka toleo letu la zamani huwezi kuruka moja kwa moja hadi jipya. Lazima upitie la katikati. (Yeyote anayekuambia maelezo hayo hayana faida, usimkabidhi mashine.) Nilihakikisha UPS ya Lamu, ile betri ya akiba, imejaa, maana kitu kimoja kisichosameheka ni umeme kukatika wakati chipu ya flashi imefutwa na haijaandikwa upya. Baadhi ya mashine huweka nakala ya pili ya programu dhibiti kwa ajili ya ajali kama hiyo. Yetu haina. Na nilipanga kuanza na kidhibiti, BIOS ifuate usiku mwingine, kwa kuwa kusasisha kidhibiti hakuizimi seva. Waliokuwa wakiingiza picha wangeweza kuendelea wasijue kitu.

Hatua ya kwanza ilikwenda bila tatizo. Kabla ya kuanza, ukurasa ulikuwa na kisanduku kidogo cha kuhifadhi mipangilio, kikiwa tayari kimetiwa alama. Toleo la katikati lilipoingia, ukurasa ule ule ulirudi ukiwa umepangwa tofauti kidogo. Kisanduku kilikuwa kimeshushwa chini, na kilikuwa kitupu. Nilikuwa nimeshakiona mara moja usiku huo, kwa hiyo sikukitazama. Nikabonyeza.

Kidhibiti kikapokea toleo jipya na kusahau kila kitu. Anwani yake ya mtandao, majina ya watumiaji, nywila, vyote vikarudi kama kilivyotoka kiwandani. Hayo nayajua sasa. Pale sebuleni nilichojua ni kwamba anwani ninayoipiga haijibu, na kwamba huenda nimeua kitu ambacho spea yake haipatikani hata Mombasa. Seva yenyewe ilikuwa hai, mafaili yalifunguka. Lakini macho yangu ya Lamu yalikuwa yamefumbwa, na lau ingekwama usiku huo nisingekuwa na njia ya kuiinua.

Nikapiga simu.

"Shikamoo Ami. Niwie radhi kwa saa hizi."

"Marahaba mwanangu. Kuna msiba?"

Nikamwambia hakuna msiba, ni mashine. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Ungenambia mapema kwamba kazi ni yeo, ningekaa nikingoja." Hakusema kwa ukali, lakini nilisikia uzito wake, kwa sababu ni kweli. Niliwaza kuhusu alama za SHA-256 na betri ya UPS, na sikuwaza kumwarifu mtu pekee aliye hatua thelathini kutoka kwenye mashine.

Nikasikia funguo, kisha mlango wa mbao mzito, kisha mvumo wa feni. Nilimwomba aangalie nyuma ya seva, kwenye tundu lililo pembeni peke yake, penye kebo ya manjano.

"Taa moya yawaka. Ya kijani. Yapepesa."

Nilikaa chini. Taa ikipepesa maana yake kidhibiti kinazungumza na swichi, kile kifaa kinachounganisha kebo za mtandao. Kiko hai, ila kimehama nyumba. Kilichotoka kiwandani huomba anwani kwa ruta, na ruta ya Lamu naweza kuifikia. Nikaingia, nikafungua orodha ya vifaa vilivyopewa anwani. Kumi na saba. Simu, printa, skana, kamera, na vitatu vya kampuni ile ile iliyotengeneza bodi yetu. Kila kifaa cha mtandao kina utambulisho wake wa herufi na tarakimu kumi na mbili. Sita za mwanzo ni za mtengenezaji, kwa hiyo vitatu hivyo vilianza sawa. Nilihitaji sita za mwisho, na zimechapwa kwenye kijibati cha kuvuta kilicho mbele ya seva. Daftarini mwangu hazikuwemo.

Ami alisema mato hayamsaidii bila miwani, nimpe muda arudi kuichukua. Aliporudi alianza kusoma, nami nikaanza kukosea. B na D kwenye simu ni kitu kimoja. Tulirudia mara mbili, mara zote nikapata kitu ambacho hakiko kwenye orodha. Hapo akanikatiza. Kwa miaka mingi kabla ya kustaafu alikuwa karani wa posta, enzi za telegramu, na kazi ile ilimfunza kutaja herufi kwa mtu asiyemwona.

"Andika. A ya Amu. Nne. D ya dau. Sufuri. F ya Faza. B ya Bajuni."

Akanyamaza, nikamsomea. "Hiyo hiyo," akasema. Nikaitafuta kwenye orodha, ikawa ya kumi na moja.

Ukurasa ukafunguka, na ukanikubali kwa jina na nywila ya kiwandani, ile ambayo imeandikwa kwenye kitabu cha maelezo cha kila mashine ya aina yetu. Mashine zinazotoka siku hizi kwa kawaida huja na nywila ya pekee, imechapwa kwenye kibandiko. Yetu ni ya kabla ya hapo. Kwa karibu saa nzima, basi, ule mlango wa vyumba vyote ulikuwa na ufunguo unaojulikana duniani. Ulikuwa ndani ya ukuta wa VPN, na daftari la kidhibiti halikuonyesha mwingine aliyeingia. Nilibadilisha nywila kabla ya kufanya lolote, nikarudisha anwani ya zamani, nikaifunga IPMI ambayo toleo jipya lilikuwa limeiwasha tena. Ami alibaki kwenye simu muda wote huo. Nilimsikia akifuta vumbi kwenye kabati kwa kitambaa. Upepo wa kusi huleta chumvi hadi ndani, na yeye huifuta bila kuombwa.

Wapo watakaosoma hadi hapa wakasema, unaona, ungeiacha ilivyokuwa. Sikubaliani nao. Kilichonifikisha pale ni miaka mitano ya kuacha. Ningekuwa nimesasisha kila miezi michache, ningeruka hatua moja fupi badala ya mbili ndefu, ningekijua kisanduku kile kama ninavyoijua kibodi yangu, na Ami angekuwa ameshazoea kazi yenyewe. Anayeacha kusasisha hatari haimpungukii. Anailimbikiza mpaka usiku mmoja.

Ya BIOS tuliifanya wiki mbili baadaye. Hiyo lazima seva izimwe na kuwashwa, na ndiyo inayonitia hofu zaidi, kwa sababu baada ya kuandika, skrini hubaki nyeusi kwa dakika kadhaa huku mashine ikizima na kujiwasha yenyewe mara moja au mbili. Anayekosa subira akabonyeza kitufe katikati ya hapo ndiye anayeiharibu. Nilikuwa nimepiga picha kila ukurasa wa mipangilio. Utambulisho wa kidhibiti ulikuwa kwenye daftari langu na kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya mlango wa kabati. Ami nilimwarifu siku tatu kabla. Saa tatu usiku, baada ya isha, alikuwa ameshaketi mle chumbani na chupa yake ya kahawa.

Skrini ikawa nyeusi. Nikatazama saa. Dakika mbili, tatu. Konsoli haina la kuonyesha wakati huo, na mimi Malindi sina masikio.

"Feni zimelia kwa nguvu," Ami akasema. "Zimenyamaza. Zimezima zote."

"Usiguse kitu, Ami."

"Sigusi." Nikamsikia akimimina kahawa. "Zimeanza tena. Yuu sana. Haya, zashuka. Zashuka. Zimetulia."

Nembo ya mtengenezaji ikatokea kwenye skrini yangu, na chini yake nambari ya toleo jipya.